Aliyegonga ukingo asikatwe hesabu

Gari likigonga ukingo wa barabara, mwenye gari huwa wa mwisho kujua. Dereva anajua palepale, usukani unapompiga mikononi. Abiria wa kiti cha mbele anajua. Kondakta anajua, na jioni fundi naye ataambiwa, kwa sauti ya chini, huku anayeambia akitazama barabarani kuona nani anapita. Tajiri atakuja kujua baada ya majuma kadhaa, tairi ikishaliwa upande mmoja hadi nyuzi zinaonekana, au siku gari lake litakapolala njiani karibu na Rumangabo na yeye akapigiwa simu atume pesa.

Mimi ni fundi wa miguu ya gari hapa Bunagana, mpakani mwa Kongo na Uganda. Injini siigusi, na umeme wa gari namwachia kijana wa garaji ya jirani. Kazi yangu ni vile vyuma na mipira vilivyo kati ya gurudumu na bodi: springi, shokapu, mikono ya juu na ya chini, boljointi, tairodi, bushi, beringi. Nilijifunza Goma, kabla lava ya Nyiragongo haijapita katikati ya mji Januari 2002, kisha nikaja kuifanya hapa mpakani, na hapa nimeona waasi wa M23 wakiingia 2012, wakiondoka 2013 na kuingia tena Juni 13, 2022. Wenye amri wanabadilika, boljointi zinachomoka vilevile.

Nina jambo moja la kusema na nawaambia matajiri, kwa sababu madereva tunazungumza nao kila siku. Dereva akija mwenyewe kusema kwamba gari limegonga, gari liinuliwe na kukaguliwa siku hiyohiyo kwa gharama ya mwenye gari, na hesabu ya siku hiyo, ile pesa dereva anayompelekea kila jioni, isidaiwe. Najua wengine wameshaanza kucheka. Wacheke, lakini wasome hadi chini.

Mtu asiyepajua kwetu anaweza kuuliza huo ukingo uko wapi. Ni swali la haki. Juni 16, 2021 Rais Museveni na Rais Tshisekedi walizindua mradi wa barabara za kilomita 223 upande wa Kongo, na ndani yake mlikuwa na kipande chetu cha Bunagana, Rutshuru hadi Goma, kilomita 89. Mwaka mmoja kasoro siku tatu baadaye mji huu ulikuwa umetekwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya njia yetu bado ni mawe, vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua, na njia ya mawe haina ukingo wa zege wa kugonga.

Ukingo uko kwenye ncha mbili za safari. Upande wa Uganda, lami ya Kabale na Kisoro inafika hadi mpakani. Upande wa Goma kuna lami ya mjini na mizunguko yake, na kando ya lami kuna zege lililosimama. Kwenye mawe dereva anatambaa. Anaujua kila mtaro, anaingiza gurudumu moja halafu la pili, anauma meno. Akishashuka mteremko wa Kibumba na kuikanyaga lami ya mjini, mguu wake unakuwa mwepesi, na hapo ndipo motari anapomkatia mbele na pikipiki yake, au chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, linapotokea na magunia ya makaa, msukumaji wake hana breki ila soli za viatu. Dereva ana nafasi ya kuchagua kati ya mtu na ukingo. Anachagua ukingo, na nampongeza. Shida yangu na yeye inaanza baada ya hapo.

Kuna na hili la upande wa usukani, ambalo watu wa mipakani tunaliishi bila kulizungumza. Uganda wanapita kushoto, Kongo tunapita kulia. Magari yetu mengi yametoka Japani kupitia Mombasa au Dar es Salaam, usukani uko kulia. Likiwa kwenye barabara ya Kongo, gari hilo linamweka dereva upande wa ukingo, na upande wa kushoto, yanakokuja malori, anaambiwa na kondakta au anabahatisha. Unafikiri anayekaa karibu na ukingo hataugonga kwa kuwa anauona? Ni kinyume chake. Anauona, kwa hiyo anausogelea. Anachokiogopa ni asichokiona. Ndiyo maana magari yanayokuja kwangu na majeraha ya namna hii, mara nyingi mguu wa mbele kulia ndio naanza nao hata kabla dereva hajafungua mdomo.

Sasa niseme kipigo chenyewe kinafanya nini, kwa sababu wenye magari wengi wanadhani gari linaloweza kupita mawe ya Rutshuru haliwezi kuumizwa na ukingo wa sentimita kumi na tano.

Shimo na ukingo ni maadui tofauti. Shimo linasukuma gurudumu juu na chini, na springi na shokapu zimeundwa kwa mwendo huo, ndiyo kazi yake. Ukingo unalisukuma gurudumu nyuma na kuliingiza ndani, na huko hakuna springi. Kuna bushi ya mpira isiyozidi unene wa kidole, halafu ni chuma kwa chuma. Kipigo kinaingia kwenye tairi, kinapita kwenye rimu, kwenye hab na beringi yake, kinashuka kwenye mkono wa chini, na kama mwendo ulikuwa mkubwa kinafika kwenye fremu ndogo iliyobeba injini. Kila kimoja kinameza sehemu yake, na siku hiyo hakuna hata kimoja kinacholalamika. Dereva anashuka, anazunguka gari, anaona tairi ina upepo na rimu imekwaruzika tu, anasema asante Mungu, anapakia.

Beringi inaanza kuzungumza baadaye. Gololi zake ziligandamizwa kwenye njia yake zikaacha vishimo vidogo sana, na kila mzunguko unavipanua. Baada ya wiki chache unasikia mvumo unaopanda na mwendo. Abiria wanafikiri ni tairi za matope. Mimi naliinua gari, nashika springi kwa mkono mmoja na kulizungusha gurudumu kwa mwingine. Beringi mbovu inatetema kwenye vidole.

Tairi nayo ilibanwa kati ya zege na rimu, nyuzi za ubavuni zikakatika ndani kwa ndani. Linatokea vimbe, na mara nyingi linatokea upande wa ndani, unaotazama chini ya gari, ambako hakuna anayepaona mpaka alale chini. Dereva anayeosha gari kila asubuhi anaweza kuosha mwezi mzima bila kuliona.

Tairodi ikipinda kidogo, usukani unakaa kombo wakati gari linakwenda moja kwa moja. Hapo magurudumu mawili ya mbele hayakubaliani. Moja linatazama barabara, jingine linatazama mashamba, na hilo la pili linaburutwa ubavu kwa kila mita, kutoka hapa hadi Goma na kurudi. Huhitaji mashine kulijua. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Upande mmoja kitateleza, upande mwingine kitakwaruzwa kama kimeshika msumeno. Tairi hiyo haitamaliza robo ya maisha iliyonunuliwa nayo.

Magari madogo yana udhaifu wa ziada. Corolla, Noah, RAV4, haya yote mbele yana mpango uliobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, ambao Ford waliuingiza kwenye magari yao kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Shokapu yenyewe ndiyo nguzo inayolisimamisha gurudumu. Ni mpango wa akili, vyuma vichache, nafasi kubwa, bei nafuu, na dunia nzima imeufuata. Lakini nguzo ikipinda hata kidogo, gurudumu linalala, na mengi ya magari hayo hayana bolti ya kulirudisha. Unabadilisha au unaishi nalo. HiAce tulizonazo huku zimeundwa vingine: mikono miwili kila upande mbele, na nyuma vyuma bapa vilivyopangwa. Zinavumilia zaidi, na uvumilivu huo ndio unaowadanganya madereva wake. HiAce inaweza kwenda miezi ikiwa na mkono uliopinda, ikiwa imepakia watu kuliko viti vyake, mpaka boljointi ichomoke na gurudumu lilale chini ya gari. Likilala kwenye tambarare ya Rutshuru, mshukuru Mungu. Likilala kwenye mteremko wa Kibumba, sitaki kuelezea.

Kwa hiyo kipigo cha leo ni ajali ya mwezi ujao, na katikati kuna muda wa kutosha kabisa wa kuizuia. Hakuna kinachokosekana: jeki ipo, fundi yupo, vipuri vinapatikana. Kinachokosekana ni habari. Anayeijua habari ana kila sababu ya kuificha.

Nikupe mazungumzo niliyoyazoea. Anakuja kijana wa laini ya Rutshuru, gari tupu, jua linazama.

"Papa Fundi, niangalilie. Linavuta kidogo kuume."

"Uligonga wapi?"

"Sikugonga."

"Rimu yako inasema uligonga."

Anacheka, anajikuna kichwa. "Ni kule Goma, kwenye mzunguko. Lakini, Papa, tafadhali, patroni asijue."

"Asijue kwa nini? Si gari lake?"

"Atanikata."

Huyo si mwongo wala mzembe. Amepiga hesabu tu, na hesabu yake ni sahihi. Anakabidhiwa gari alfajiri, jioni anatakiwa kupeleka kiasi walichokubaliana, watu wapande wasipande. Mafuta yake, vizuizi vya njiani vyake, chakula cha kondakta chake. Kinachobaki ndicho anachopelekea watoto. Gari likisimama siku moja kwa ajili ya ukaguzi, yeye amekosa siku na pengine hesabu ya siku hiyo inaandikwa kama deni. Fundi akikuta kitu kimepinda, tajiri atasema ni uzembe, na bei ya kifaa itakatwa kidogokidogo kwenye chake. Akinyamaza, je? Akinyamaza leo hapotezi kitu. Kesho huenda gari atakuwa nalo dereva mwingine, maana madereva huku wanabadilishwa kama zamu za walinzi, na kitakachochomoka kitachomokea mikononi mwa asiyejua lolote.

Tajiri anafikiri kwa kumkata dereva analilinda gari. Anachokifanya ni kununua ukimya, tena kwa bei ghali.

Ukimya huo sisi mafundi tunaufanyia biashara, na hapa nitawaudhi wenzangu. Dereva hana pesa ya mkono mpya, kwa hiyo anasema, "Nyoosha tu." Na mtu ananyoosha. Anawasha moto, chuma kinakuwa chekundu, kinapigwa nyundo juu ya reli, kinarudi umbo lake, kinapakwa rangi nyeusi. Mkono wa gari umetengenezwa kwa chuma kilichopewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa. Ukikirudisha kwenye moto wa mkaa, ugumu ule umeondoka, na hakuna jicho litakalouona kwamba umeondoka. Njia nyingine ni safi zaidi, na mbaya zaidi: fundi anaacha kila kilichopinda kama kilivyo, anazungusha tairodi mpaka usukani ukae katikati. Tajiri akilijaribu gari jioni, usukani umenyooka, anaridhika. Wenyewe tunajua kwamba tumenyoosha usukani na kuacha mguu umevunjika.

Mimi hiyo sifanyi, na nimepoteza wateja kwa kutoifanya. Sijidai kwa hilo. Mwenye garaji ya kukodi na watoto shuleni anaweza kuhesabu vingine, kama dereva alivyohesabu.

Serikali za nchi zetu zinapojaribu kutulinda zinatazama vitu viwili: umri na karatasi. Kenya haiingizi gari la zaidi ya miaka 8. Uganda tangu 2018 imefunga mlango kwa magari ya zaidi ya miaka 15. Sipingi, gari kuukuu lina moshi na lina kutu. Lakini mkono uliopinda hauna umri; nimeutoa kwenye gari ambalo viti vyake bado vilikuwa na nailoni. Kwetu Kongo sheria ya barabara tunayoitumia ni ya Agosti 30, 1978. Madereva wengi ninaowatengenezea hawakuwa wamezaliwa. Njiani utaulizwa karatasi ya ukaguzi, utaionyesha, utapita. Tangu nianze kazi hii, sijamwona anayeuliza karatasi akiinama kutazama tairi kwa ndani.

Basi turudi kwa tajiri, maana ndiye pekee anayeweza kubadilisha jambo hili bila kusubiri sheria, mkutano wala jeshi lolote.

Ninachomwomba nilikipata kwa shemeji yangu, aliyekuwa fundi kwenye uwanja wa ndege wa Goma kabla haujafungwa Januari 2025. Watu wa Goma hawahitaji kuhadithiwa jinsi ndege inavyoua. Wanakumbuka Aprili 15, 2008, ndege iliyoshindwa kupaa ilipovamia mtaa wa Birere. Siku moja tulikuwa tunakula, mimi nalalamika juu ya madereva wangu, shemeji akaniuliza kama najua kinachofanyika ndege ikitua kwa kishindo. Nikasema sijui. Akasema rubani anaandika: nimetua vibaya. Anaandika mwenyewe, kwa kalamu yake, na baada ya hapo ndege hairuki mpaka miguu yake ikaguliwe. Nikamuuliza kama rubani hakatwi mshahara. Akanitazama kama niliyeuliza kama rubani hupewa chakula. Akasema, "Shemeji, wakimkata, nani ataandika tena?"

Nilimfuatilia kwa maswali zaidi, na alichonieleza nimekithibitisha baadaye. Desemba 1, 1974 ndege ya shirika la TWA, safari namba 514, iligonga mlima jimboni Virginia, Marekani, ikielekea uwanja wa Dulles. Watu wote 92 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba wiki sita kabla, marubani wa shirika jingine, United, walikuwa wameponea chupuchupu mahali palepale kwa kosa lilelile la kuelewa ramani na maelekezo. Walisema nyumbani kwao, ndani ya shirika lao, na habari ikakaa huko. Mwaka 1976 Wamarekani wakaanzisha mpango wa taarifa unaoendeshwa na NASA. Walichagua NASA kwa makusudi, kwa kuwa si askari wa anga. Haina mamlaka ya kumwadhibu rubani. Anayekosea bila kukusudia na kutoa taarifa ndani ya siku 10 anaweza kusamehewa adhabu. Aliyefanya makusudi, au aliyefanya jinai, msamaha huo haumhusu.

Taarifa zilizokusanywa tangu hapo ni nyingi mno, na zimeandikwa na watu waliokuwa na kila sababu ya kunyamaza, mpaka sababu hiyo ilipoondolewa. Kama rubani mwenye elimu yake na mshahara wake hasemi kwa sababu anaogopa, mnamtakaje kijana wa HiAce aseme?

Sasa pingamizi. La kwanza nililisikia kwa tajiri mmoja wa hapa, mwenye magari kadhaa: "Fundi, ukiwaambia hivyo, kila Jumatatu watakuwa wamegonga." Hapana. Ukingo unaacha alama. Rimu ina kovu, ubavu wa tairi una mkwaruzo mpya, na nikikuta hakuna kitu nitasema hakuna kitu, dereva ataondoka saa hiyohiyo kwenda kutafuta hesabu yake. Ukaguzi wenyewe hauchukui asubuhi nzima. Naliinua gari, nashika gurudumu juu na chini nalitikisa. Likicheza ni boljointi au beringi. Nashika kushoto na kulia. Likicheza ni tairodi. Naingiza mtaimbo kwenye bushi kuona kama mpira umepasuka. Nalala chini na tochi. Natoa kamba, naifunga sambamba na gari kila upande, napima kutoka kwenye kamba hadi rimu, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Kisha napima umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, kulia na kushoto. Ukitofautiana, kuna kitu kimerudi nyuma. Nusu saa, na chai inapoa kidogo tu.

La pili ni kwamba dereva asiyekatwa atakuwa mzembe. Nani anagonga zege kwa kupenda? Yeye ndiye aliyekaa ndani, tena upande wa ukingo. Mlevi na mwendesha kasi wa makusudi mfukuzeni, sikuja kuwatetea. Hata wale wa Marekani makusudi hawayasamehi. Nazungumzia yule aliyemkwepa motari.

La tatu ni pesa, na hili ndilo wanalolificha nyuma ya mengine mawili. Tuzungumze pesa basi. Boljointi moja iliyotoka soko la Kisekka, Kampala, au mkono wa mtumba uliopitia Sharjah, tajiri anaweza kuulipa kwa hesabu za siku chache. Akisubiri, atalipa mkono uleule, na juu yake tairi mbili, beringi, wakati mwingine shokapu zote mbili, gari la kuvuta kutoka porini, na siku ambazo abiria wake wamezoea gari la mwingine. Hayo nimeyaandika kwa kalamu kwenye daftari la garaji, namba ya gari baada ya namba ya gari, na sijawahi kuona kusubiri kukiwa rahisi. Sijaweka humo bei ya mtu, maana bei hiyo haiko kwenye daftari langu.

Ningependa pia makubaliano haya yasibaki kwa tajiri mmoja na dereva mmoja, kwa sababu dereva aliyesamehewa leo kesho anaendesha kwa mtu mwingine. Chama cha madereva wa Kongo, ACCO, kina watu kwenye maegesho. Kinaweza kuyaweka kwenye masharti ya laini, sentensi mbili tu, kila gari na kila tajiri. Mkutano wa jioni moja unatosha.

Na abiria msinyamaze. Ukikaa mbele ukaona dereva ameshika usukani kombo huku gari likienda sawa, muulize. Ukihisi kiti kinatetema gari linapofika mwendo fulani na kuacha likipita hapo, muulize. Muulize kwa heshima, yeye ndiye anayekubeba. Lakini muulize na wengine wasikie.

Yule tajiri wa "kila Jumatatu" alirudi juzi na gari la kubadilisha bushi. Tulibishana tena mpaka kazi ikaisha. Mwisho akasema sawa, atajaribu: dereva akisema amegonga, ukaguzi ni juu yake na siku hiyo hakuna hesabu. Lakini atajaribu kwa gari moja tu, lile bovu kuliko yote. Nimemwambia aanze na lile zuri, kwa kuwa kwenye lile bovu hakuna anayehitaji kuambiwa kitu. Bado anafikiria.